Bahari Iliyogawanyika na Watumwa wa Mwambao: Hadithi ya Kutoka kati ya Karema na Kirando

Mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Karema upande wa kaskazini, kupitia Kirando na Kipili, hadi Kasanga karibu na mto Kalambo, ni ukanda mwembamba uliobanwa kati ya maji na miteremko ya uwanda wa juu wa Ufipa, na katika nusu ya pili ya karne ya 19 ukanda huo ulikuwa mlango wa biashara ya watumwa. Madau na mitumbwi iliyotoka Marungu, ng'ambo ya ziwa, ilishusha pembe za ndovu pamoja na watu waliofungwa, kisha misafara ikapanda nao kuelekea Tabora na Bahari ya Hindi. Ni katika mwambao huohuo, na katika miongo hiyohiyo, ambapo hadithi ya Waisraeli waliotoka utumwani Misri ilianza kufundishwa kwa watu ambao wenyewe walikuwa wamefunguliwa kutoka katika kamba za misafara hiyo. Andiko la kale lilikutana na wasikilizaji walioujua utumwa kwa miili yao, na jambo hilo linastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu namna ukombozi ulivyotendeka mwambaoni ilitofautiana na namna andiko lenyewe linavyousimulia, na tofauti hiyo haikuwa ndogo.

Hadithi yenyewe imo katika Kitabu cha Kutoka, cha pili kati ya vitabu vitano vya Torati, na kiini chake kiko katika sura ya 14. Waisraeli, walioruhusiwa kuondoka baada ya mapigo kumi kuipata Misri, wanajikuta wamebanwa kati ya bahari na jeshi la Farao lenye magari ya vita 600 yaliyoteuliwa. Wanamlaumu Musa kwa kuwaleta jangwani kufa. Ndipo Mungu anapoamuru wasonge mbele, Musa ananyosha mkono wake juu ya bahari, upepo mkali wa mashariki unavuma usiku kucha, na maji yanagawanyika. Hakuna andiko la Kimisri linalosimulia tukio hilo, na ushahidi wa kale zaidi wa nje ya Biblia unaokubaliwa na wengi kuwa unalitaja jina la Israeli ni jiwe la Farao Merneptah, lililochongwa karibu mwaka 1208 kabla ya Kristo, ambalo linawataja Waisraeli wakiwa tayari katika nchi ya Kanaani. Hata hivyo, wataalamu wengi wa lugha ya Kiebrania wanauhesabu wimbo wa ushindi ulio katika sura ya 15, ambao baada yake Miriamu anawaongoza wanawake kwa matari na kucheza, kuwa miongoni mwa mashairi ya kale kabisa ya Biblia, kwa hiyo kumbukumbu ya wokovu wa baharini ni ya zamani sana katika taifa hilo.

Wasomaji wengi huikumbuka fimbo ya Musa na kuta mbili za maji, lakini mwandishi wa kale alikuwa na jambo jingine la kusema ambalo mara nyingi hupitwa upesi, nalo ni kwamba watu hawa hawakuokolewa kwa sababu waliamini. Walifika ufuoni wamejaa hofu na manung'uniko, na ni katika aya ya mwisho ya sura ya 14, baada ya kuwaona Wamisri wamekufa kando ya bahari, ndipo inaposemwa kwamba walimwamini Bwana na Musa mtumishi wake. Sheria nayo, ile iliyotolewa katika mlima wa Sinai, inakuja mbele zaidi, katika sura ya 20. Utaratibu wa kitabu hiki ni kwamba mtu huokolewa kwanza, kisha huamini, kisha hufundishwa namna ya kuishi, na yeyote anayetaka kuelewa yaliyotokea Karema na katika vituo vya misheni vya jirani hana budi kuukumbuka utaratibu huo.

Watu wa ziwani walijua tangu zamani kwamba maji yana mamlaka juu ya uhai. Henry Morton Stanley, aliyesafiri katika Ziwa Tanganyika mwaka 1871, aliandika juu ya desturi ya wapiga makasia kutupa shanga na nguo majini walipopita karibu na mlima wa Kabogo, ili wenye nguvu waliokaa humo wawaruhusu kupita salama. Wafipa kwa upande wao walimjua Leza, Mungu Mkuu aliye juu ya vyote, lakini mambo ya kila siku, kama vile mvua, mavuno, uvuvi na maradhi, yalihusishwa na pepo wa mahali, wenye makao yao katika vilima, misitu, miamba na maji. Hadithi ya Mungu anayeiamuru bahari kwa ajili ya watu wasio na mfalme ilifika, basi, mahali ambapo swali la nani anayatawala maji lilikuwa swali la kweli.

Ufipa ilikuwa pia imepitiwa na watu wenye simulizi yao ya kuvuka. Wangoni wa Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwezi Novemba 1835, siku ya kupatwa kwa jua, na mapokeo yao yanasema kwamba kiongozi huyo aliyapiga maji kwa fimbo yakagawanyika, jeshi lake likapita. Baada ya safari ndefu ya kuelekea kaskazini alifika Ufipa, akafa mahali panapoitwa Mapupo katika miaka ya 1840. Kwa kuwa mapokeo hayo yaliandikwa na Wangoni waliokwisha kuisoma Biblia, yanapaswa kutumiwa kwa tahadhari, lakini hata yakichukuliwa yalivyo, yanaonyesha vizuri upekee wa Kitabu cha Kutoka. Wangoni walivuka wakiwa jeshi, na walichokitafuta ng'ambo kilikuwa mifugo na mateka, hivyo simulizi yao inatukuza uwezo wa mtawala. Simulizi ya Waisraeli, ingawa vizazi vilivyofuata navyo viliishambulia Kanaani, inaanza na wafyatua matofali, na katika usiku ule wa kuvuka mwenye jeshi ndiye anayeangamia.

Mapadri Wakatoliki hawakuwa watu wa kwanza kulileta jina la Musa katika nchi za ziwani. Wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani na Unyanyembe, Waswahili na Waarabu, waliokuwa na makao Ujiji na waliopitisha misafara yao Ufipa, walikuwa na hadithi hiyo katika Qurani, ambamo sura ya 26 inasimulia jinsi Musa alivyoamriwa aipige bahari kwa fimbo yake ikapasuka. Na saumu ya Ashura, inayofungwa tarehe 10 ya Muharram, inahusishwa katika mapokeo ya Mtume na siku ambayo Mungu aliwaokoa Musa na watu wake. Qurani hiyohiyo inalihesabu tendo la kumwacha huru mtumwa kuwa jema mno na kuwa kafara ya makosa kadhaa. Hivyo miongoni mwa watu walioendesha misafara ya mateka walikuwamo waliofunga saumu kwa shukrani ya wokovu wa watumwa wa Farao. Wakristo hawana nafasi ya kujisifu mbele ya ukweli huu, kwa sababu mataifa ya Ulaya yaliyoisoma hadithi ya Kutoka kila mwaka wakati wa Pasaka yalikuwa yamewavusha mamilioni ya Waafrika katika Bahari ya Atlantiki kwa muda wa zaidi ya karne tatu. Andiko halimzuii mtu kusimama upande wa Farao akidhani yuko upande wa Musa, na historia ya mwambao huu ni ushahidi mkubwa wa jambo hilo.

Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao, lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa kardinali. Msafara wao wa kwanza kuelekea maziwa makuu uliondoka Bagamoyo mwaka 1878, na kundi lililopangiwa Tanganyika likafika Ujiji mwanzoni mwa 1879. Karema wakati huo ilikuwa ngome iliyojengwa mwaka 1879 na Wabelgiji wa jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili, na mwaka 1885 ngome hiyo, pamoja na Mpala ya ng'ambo, ilikabidhiwa kwa mapadri. Ziwa lenyewe lilikuwa likirudi nyuma katika miaka hiyo, kwa kuwa maji yalikuwa yamefungua njia ya mto Lukuga karibu mwaka 1878 na kina kikashuka kwa takriban mita 10 kabla ya mwisho wa karne, na ngome iliyojengwa karibu na maji ikaachwa mbali na ufuo. Kutoka Karema kazi ya misheni ilienea kusini kwa kuufuata mwambao, Kirando ikiwamo, na Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeiongoza Vikarieti ya Tanganyika, yaani eneo la kimisionari lililokuwa bado halijawa jimbo kamili, tangu 1891 hadi kifo chake mwaka 1917, aliifanya Karema makao yake.

Katika vituo hivi Wakristo wa kwanza hawakuwa Wafipa wenye koo na mashamba yao. Walikuwa kwa sehemu kubwa watoto waliokombolewa, maana yake ni kwamba mapadri walikutana na wenye misafara au na watawala wa jirani, wakatoa vitambaa, shanga na bidhaa nyingine, wakapewa mtoto. Fedha za kununulia bidhaa hizo zilitoka kwa waumini wa Ulaya, hasa kupitia Shirika la Utoto Mtakatifu lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, na baada ya Lavigerie kuhubiri dhidi ya utumwa huko Paris, London na Brussels mwaka 1888, Papa Leo wa 13 aliagiza mwaka 1890 kwamba sadaka ya sikukuu ya Epifania ikusanywe kila mwaka kwa ajili ya kazi hiyo. Watoto walikaa katika nyumba za yatima, walifundishwa katekisimu, kulima na ufundi, na walipokua vijana waliozeshwa wao kwa wao na kupewa viwanja katika vijiji vya Kikristo vilivyokaa chini ya uongozi wa misheni. Bagamoyo, ambako Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza mwaka 1868, na Freretown karibu na Mombasa, iliyoanzishwa na Waanglikana wa shirika la CMS karibu mwaka 1875, zilifuata njia inayofanana na hiyo.

Hatari ya njia hiyo ilionekana mapema. Huko Rumonge, katika mwambao wa Burundi wa leo, mapadri wawili na msaidizi wao mmoja waliuawa tarehe 4 Mei 1881 katika ugomvi uliohusu mtoto aliyekombolewa, ambaye watu wa huko walimdai arudishwe na mapadri wakakataa kumtoa. Walikufa kwa ajili ya uhuru wa mtoto mmoja, na heshima yao katika jambo hilo ni ya haki. Lakini mzizi wa ugomvi huo ulikuwa katika njia yenyewe, kwa kuwa aliyemnunua mtu ili amweke huru anaonekana mbele ya majirani zake kuwa mnunuzi kama wanunuzi wengine, na dai lake juu ya mtoto yule linasikika kama dai la mmiliki.

Hapa ndipo ukombozi wa mwambaoni unapoachana waziwazi na Kitabu cha Kutoka. Katika andiko Farao halipwi chochote. Zaidi ya hayo, sura ya 12 inasimulia kwamba Waisraeli walipoondoka waliwaomba Wamisri vyombo vya fedha na dhahabu pamoja na nguo, nao wakapewa, hivyo mali ilitoka mikononi mwa wenye watumwa ikaingia mikononi mwa waliotumikishwa, na walimu wa Kiyahudi wa kale waliieleza kuwa ni ujira wa miaka mingi ya kazi isiyolipwa. Ziwani mali ilikwenda upande wa pili. Kila doti ya kitambaa iliyotolewa kwa mwenye msafara ilimwokoa mtoto mmoja na wakati huohuo ilimthibitishia mfanyabiashara kwamba bidhaa yake ina soko. Mapadri waliitambua hatari hiyo, lakini mtoto aliyesimama mbele yao akiwa na alama za kamba shingoni hakuweza kusubiri mpaka biashara nzima ikomeshwe, na ni vigumu kuona padri mwenye dhamiri angetenda nini kingine. Lawama inapaswa kuelekezwa mahali pengine, yaani kwa dola zilizokuwa na nguvu ya kuikomesha biashara hiyo bila kumlipa mwenye kuifanya. Mwishoni mwa 1888 na mwanzoni mwa 1889, watumwa zaidi ya 1,400 waliokuwa wametorokea katika misheni za karibu na Mombasa, hasa Rabai, walipewa hati za uhuru baada ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki kusimamia malipo kwa mabwana zao. Na amri ya Zanzibar ya mwaka 1897 iliyouondolea utumwa nguvu ya kisheria iliweka fidia kwa wenye watumwa. Katika mifano yote hiyo aliyetumikishwa hakufikiriwa kuwa ndiye anayedai. Torati ilikuwa imesema jambo zito zaidi, kwa kuwa Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, inakataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyetoroka, na inaagiza aachwe akae mahali apendapo, bila neno lolote la fidia. Haki inadai kuongeza kwamba Torati hiyohiyo, katika sura ya 21 ya Kutoka, inaruhusu Mwebrania kumtumikisha Mwebrania mwenzake kwa miaka sita kabla ya kumwacha huru, hivyo hata watu waliovushwa bahari hawakuufuta utumwa kabisa katika sheria zao.

Utaratibu wa kuokolewa kwanza na kuamini baadaye, hata hivyo, ulitimia mwambaoni kwa namna ya kushangaza. Lavigerie alikuwa ameagiza kwamba ubatizo wa watu wazima utanguliwe na ukatekumeni, yaani kipindi cha mafundisho na majaribio, wa miaka minne, na katika hatua zake za mwanzo wanafunzi walifundishwa habari za uumbaji, mababu wa Israeli na Musa kabla ya kufikishwa katika mafumbo ya sakramenti. Kwa hiyo kijana aliyefunguliwa kamba aliisikia hadithi ya Kutoka akiwa tayari ni mtu huru na kabla ya kuwa Mkristo. Kanisa lilimfundisha kuisoma kama kielelezo, yaani tukio la Agano la Kale linaloashiria jambo la Agano Jipya, ambapo bahari ni ubatizo na Farao ni dhambi, na mafundisho hayo yana msingi katika barua ya kwanza ya Mtume Paulo kwa Wakorintho. Yalikuwa mafundisho sahihi, lakini kwa wasikilizaji wa aina hii yalikuwa na upungufu, kwa sababu yaliuhamishia moyoni utumwa ambao wao walikuwa wameubeba shingoni.

Mtu anayeonyesha kwa utimilifu zaidi maana ya kuokolewa katika historia hii ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger katika nchi ya Mali ya leo, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, na mwaka 1876 akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria. Alipelekwa Malta kusomea utabibu, na mwaka 1889 akafika Karema akiwa daktari na katekista, yaani mwalimu wa dini asiye padri. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa watawala wa Wabende, majirani wa Wafipa, jambo lililomtoa katika hali ya mgeni asiye na ndugu na kumpa shemeji na wakwe katika nchi hiyo, na mwana wao Yosefu akapewa upadri mwaka 1923. Aliwatibu watu wa Karema na mwambao kwa muda wa miaka 67 hadi kifo chake mwaka 1956, akitumia dawa za hospitali pamoja na dawa za miti alizojifunza kwa waganga wa huko. Watoto wengi waliokombolewa walibaki chini ya misheni maisha yao yote, wakiwa huru kwa sheria lakini bila ukoo wa kuwasemea; Atiman alipata vyote viwili, uhuru na jamaa, na katika jamii za Ufipa na Ubende za wakati ule mtu asiye na jamaa alikuwa karibu sana na mtumwa, hata kama hakuwa na bwana.

Hadithi ya Kutoka ilisikika pia kanisani, lakini kwa namna iliyofichika. Katika ibada ya Jumamosi Kuu ya wakati ule yalisomwa masomo 12 yaliyoitwa unabii, na miongoni mwake kuvuka bahari kwa Waisraeli lilikuwa la nne, na vijana watatu waliookolewa katika tanuru la moto la Nebukadneza lilikuwa la mwisho. Masomo hayo yalisomwa kwa Kilatini, na kwa kawaida asubuhi ya Jumamosi, watu wachache wakihudhuria. Wafipa, ambao walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo, walikuwa na sababu ya pekee ya kuielewa hadithi ya vijana wale watatu, na ni hasara kubwa kwamba kwa miongo mingi ilisomwa kanisani kwa lugha wasiyoijua. Mageuzi ya Papa Pius wa 12 mwaka 1955 yaliirudisha ibada hiyo usiku na kupunguza masomo yakawa manne, lile la bahari likabaki na la tanuru likaondolewa. Na tangu kitabu kipya cha Misa kilipotolewa mwaka 1970, kanuni ni kwamba masomo mengine ya Agano la Kale katika Mkesha wa Pasaka yaweza kupunguzwa, lakini lile la Kutoka sura ya 14 haliachwi kamwe.

Kufikia mwanzo wa karne ya 20 misheni ilikuwa imepanda uwandani, katika vituo kama Kate, Mwazye na baadaye Chala, na Wafipa wenye koo zao wakaanza kuingia Ukatoliki kwa wingi, wazazi wakiwapeleka watoto wao shuleni kwa hiari. Kanisa lililoanza na watu walionunuliwa likawa Kanisa la wenyeji, na asili yake ikaanza kunyamaziwa, kwa kuwa hakuna ukoo unaopenda kutaja kwamba babu yake alifika kwa kamba. Sheria nayo ilikwenda polepole. Wajerumani hawakuufuta utumwa: amri ya mwaka 1901 ilimpa mtumwa haki ya kujikomboa kwa kulipa, na nyingine ikatangaza kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa ulipigwa marufuku kabisa katika Tanganyika mwaka 1922 chini ya Waingereza, miaka 37 baada ya mapadri kuipokea Karema.

Jimbo la Karema, ambalo tangu mwaka 1969 linaitwa Jimbo la Sumbawanga, limerithi historia hiyo. Kila kituo cha Mapadri Weupe kiliagizwa na kanuni za shirika kuandika shajara ya matukio ya kila siku, na kila parokia inawajibika kutunza daftari la ubatizo, hivyo majina ya watu waliofunguliwa mwambaoni yalikuwa na mahali pa kuandikwa. Wanahistoria wa Rukwa na Katavi, walimu wa sekondari na vyuo, na viongozi wa parokia za mwambaoni wanaombwa wayatafute majina hayo, wayanakili kabla karatasi hazijaliwa na mchwa na unyevu wa ziwa, na wawahoji wazee wa Kirando, Kipili na Karema wakiwa bado hai, kwa sababu wajukuu wa watu hao wana haki ya kujua kwamba walio wa kwanza kufundishwa Kitabu cha Kutoka katika nchi yao walikuwa wametoka utumwani kwa kweli.